Choo cha Wakwe

Kwa miaka mitatu nilijua kila choo kilichokuwa wazi mjini Kisumu, kati ya Kondele na Milimani. Nilijua kipi hufungwa saa saba mhudumu akienda kula, kipi hakina komeo, na kipi kiko nyuma ya kituo cha mafuta ambapo huulizwi umekuja kununua nini. Mimi ni fundi wa pampu za maji, na kazi yangu hunizungusha mji mzima. Mteja akinipigia simu, kabla sijamuuliza pampu yake ni ya aina gani, nilikuwa nimeshahesabu mahali pa kusimama njiani kwenda kwake.

Ninaandika haya nikiwa nimepona, kwa ajili ya mwanamume anayefanya hesabu hiyo leo. Jinsi tezi dume inavyokua na kubana njia ya mkojo, daktari atamweleza vizuri kuliko mimi. Mimi nitamweleza jinsi nilivyoishi nayo vibaya kwa miaka mitatu na vizuri kwa miezi minane, na jinsi nilivyokaribia kupoteza ukweni kwangu kwa kuogopa kusema sentensi moja.

Ilianza nikiwa na miaka hamsini na moja. Mkondo wa mkojo uliokuwa ukifika ukutani ulianza kuniangukia karibu na viatu. Nilisimama, nikasubiri, ukaja kidogo, ukakatika, ukaja tena. Nikifunga zipu, matone yalifuata. Nikaanza kuvaa suruali nyeusi tu. Kitandani niliamka mara nne, mara tano, na asubuhi nikaenda kazini nikiwa na macho ya mlevi.

Shule niliacha kidato cha pili. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya mtumba vya soko la Kibuye, na tangu hapo nina tabia ya kuandika. Kila pampu ninayotengeneza ina ukurasa wake kwenye daftari langu: imepoteza nguvu lini, inatoa sauti gani, inapata joto kiasi gani. Basi nikajifungulia ukurasa na mimi. Nikawa naandika saa, na neno moja: nguvu, hafifu, au matone. Mwaka wa kwanza neno "nguvu" lilionekana mara chache. Mwaka wa pili halikuonekana kabisa.

Kosa langu lilikuwa la kifundi. Pampu ikizidiwa, unapunguza maji yanayoingia. Nikajifanyia hivyo hivyo. Niliacha chai ya asubuhi, nikaacha maji ya mchana, nikawa nafanya kazi juani na midomo imepasuka. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi na ukaanza kunichoma, lakini safari za chooni hazikupungua. Niliandika hayo yote kwa mwandiko mzuri. Sikumwonyesha mtu.

Sasa nieleze habari ya ukweni. Kwetu Waluo, mama mkwe ni mtu wa heshima na umbali. Wengi siku hizi wamelegeza, lakini nyumba aliyotoka mke wangu, huko Seme, haijalegeza. Mimi sikaribii chumba anacholala mama mkwe wangu, simkazii macho tukisalimiana, na siwezi kukanyaga choo anachotumia yeye. Na boma lile lilikuwa na choo kimoja tu, nyuma ya jiko. Kukifikia ilibidi upite mbele ya akina mama wote wanaopika, na yeye akiwa katikati yao.

Kwa hiyo nikawa mkwe anayefika mwisho na kuondoka kwanza. Harusi, mazishi, mavuno, nilikaa saa moja na nusu, kisha simu yangu "ikalia".

Mke wangu, Risper, ni fundi wa nguo. Ana macho ya kuona mshono uliopinda, na haikuchukua muda akaona wa kwangu.

"Baba Akinyi, leo sababu ni gani?" aliniuliza Jumapili moja. "Pampu ya nani imekufa?"

"Ya mteja wa Milimani."

"Huyo mteja wa Milimani hupenda sana kukosa maji siku ya watu wetu."

"Kazi ni kazi, Mama Akinyi."

"Niambie tu kama watu wangu wananuka. Nitajua."

Ningeweza kumwambia siku hiyo. Alikuwa mbele yangu, mlango umefungwa. Lakini nilikuwa nimejiaminisha kwamba mwanamume anaweza kusema naumwa kichwa, naumwa mgongo, hata naumwa moyo, ila si hili. Nikachukua begi langu la spana nikatoka, wala hapakuwa na pampu popote.

Mwezi wa nne, mvua ndefu zikiwa zimekolea, ilikuja ibada ya kumkumbuka baba mkwe wangu. Risper aliniapisha kwamba nitakaa mpaka mwisho. Nikaapa. Nilikuwa na mafua, nikanunua vidonge dukani vya kukausha pua, nikameza viwili, nikaenda bila kunywa hata tone la maji.

Kwa saa tano nilikaa chini ya hema, mvua ikipiga turubai, baridi imeniingia magotini. Saa ya tatu nilianza kuhisi haja. Saa ya nne nilikuwa nimefunga miguu na kuhesabu mistari ya tai ya mhubiri. Saa ya tano nilimwinamia Omondi, kaka yake Risper, nikasema naenda sokoni kununua soda.

"Soda?" akasema. "Na kreti hizi tatu ni za nani?"

Nilipanda boda boda hadi sokoni, nikaingia choo cha kulipia, nikasimama. Hakikutoka kitu. Nilisimama mpaka watu wakagonga mlango. Tumbo la chini lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi, na maumivu yake sijui kuyalinganisha na nini. Baadaye daktari aliniambia kwamba vidonge vile vya mafua vinaweza kumfungia kabisa mkojo mtu mwenye tezi kama yangu. Wakati ule nilijua jambo moja tu: siwezi kurudi kwenye hema nikiwa hivi. Nikakodi gari la kwanza lililosimama, nikaenda moja kwa moja hospitali mjini.

Muuguzi wa zamu alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. "Mzee, vuta pumzi. Sasa itoe." Akapitisha mpira mwembamba wa kutolea mkojo hadi kwenye kibofu. Mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko, nililia. Hata maumivu yenyewe hayakuwa yamenitoa machozi. Nilipopata sauti nilimuuliza ni kiasi gani.

"Lita moja na robo," akasema, akanitazama. "Unataka kujua ya nini?"

"Niandike."

Muuguzi alimpigia Risper simu, akamwambia tu nilipo. Alifika na nguo zake za ibada, matope hadi magotini, amekuja kupigana. Aliuona ule mfuko umening'inia kando ya kitanda, akakaa. Nilimpa daftari. Alisoma ukurasa mmoja mmoja, kama anavyosoma vipimo vya mteja, na alipofika mwisho alifunga jalada.

"Miaka mitatu," alisema. "Mimi nilidhani una mtu Milimani."

"Hapana."

"Afadhali angekuwa mtu. Mtu ningemfuata nikampiga."

Tukacheka, na kicheko kikaufanya mpira uvute, nikapiga kelele, naye akacheka zaidi. Kisha nikafanya kosa la pili. Nilimwambia asiwaambie watu wa kwao. Akakubali, na kwa miezi sita alibeba uongo wangu. Kule Seme ilijulikana kwamba mkwe wao aliapa kukaa, akaaga kwenda kununua soda, akatoroka.

Daktari wa kliniki alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alifanya kile kipimo cha kidole ambacho wanaume hukitania vijiweni. Kilichukua muda mfupi kuliko kulegeza nati yenye kutu. Kisha picha ya tumbo, na damu. Akafungua daftari langu, akasoma kwa muda mrefu.

"Mzee, umeandika vizuri kuliko wagonjwa wangu wote," alisema. "Sasa niambie. Hiki kitabu ulikuwa unamwandikia nani?"

Ningekuwa mteja wangu mwenyewe, ningejifokea.

Majibu ya damu na ya vipimo vilivyofuata yalisubiriwa wiki tatu. Wiki hizo sina cha kuwafundisha. Nilisafisha karakana mara mbili na kupanga spana zote kwa ukubwa. Daktari aliposema si saratani, Risper alinibana mkono mpaka kucha zikaacha alama, na nikafurahia zile alama siku nzima.

Tulijaribu vidonge. Mpira ulitolewa, mkojo ukagoma tena. Ukarudishwa. Baada ya mwezi tukajaribu tena, ukagoma tena. Nikawekwa kwenye orodha ya upasuaji, na kwa miezi minne yote tangu ile ibada niliishi na mpira na mfuko, nikirudi kubadilishiwa kila tarehe yangu ilipofika.

Kliniki yetu ilikuwa Jumanne. Tulikaa kwenye benchi refu kando ya ukuta, wanaume pekee, koti au gazeti mapajani. Siku yangu ya kwanza mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Nyakach, alisogea kunipisha. Mfuko wake wa mkojo alikuwa ameutia ndani ya mfuko wa kununulia sukari.

"Karibu bungeni," alisema. "Hapa spika ni yule aliye karibu zaidi na choo."

Pale ndipo niligundua kwamba mbinu zangu zote zilikuwa na wenyewe. Mwalimu aliacha kwaya ya kanisa, akasema sauti imekwisha. "Sauti ninayo," alinong'ona. "Nilishindwa kusimama nyimbo tatu." Dereva wa lori alitembea na chupa ya maziwa chini ya kiti. Mhubiri mmoja alifupisha mahubiri hadi dakika kumi na tano, waumini wakamsifu kwa hekima mpya. Tulicheka mpaka sista akatoka kutunyamazisha. Kila mmoja wetu alikuwa ameishi akidhani yuko peke yake, na tulijaza benchi.

Risper ndiye aliyenirudisha mtaani. Mfuko uliniaibisha, ulionekana chini ya suruali kama panya. Alinipima mguu kuanzia paja hadi kifundo, akashona mfuko wa kitambaa ndani ya suruali, wenye zipu upande wa chini ili nimwage bila kuvua. Suruali ya kwanza ilibana bomba, nikamchorea mchoro, tukajadiliana sentimita mbili kama watu wa kiwanda. Ya pili ilikaa sawasawa. Niliivaa kliniki, Mwalimu akaiona, na wiki ile Risper alishona suruali nne za bunge. Miaka mitatu tulikuwa hatujafanya kitu pamoja. Sasa tulikuwa na kazi moja mezani.

Upasuaji ulikuja mwezi wa nane, wakati wa baridi. Walinichoma sindano mgongoni na kuanzia kiunoni kwenda chini mwili ukawa wa mtu mwingine. Nilisikia vyombo vikigongana, nikasikia daktari akiimba kidogo kidogo. Hapakuwa na kisu cha tumbo; waliingilia njia ile ile ya mkojo. Baadaye maji yalitiririshwa kuingia na kutoka kwenye kibofu, mekundu, kisha ya waridi, kisha kama maji ya kuoshea mchele. Nilikaa nikiyatazama saa baada ya saa. Hiyo ni lugha ninayoijua: mfumo unasafishwa.

Siku ya tatu walitoa mpira. Nilipewa jagi la plastiki, nikaambiwa ninywe maji na nisubiri. Nilikunywa. Nikaenda kwenye choo cha wodi, nikasimama pale kama nilivyosimama kule sokoni, nikafunga macho.

Ukaja. Ulichoma, lakini ulikuja wote, bila kukatika, na uligonga plastiki kwa sauti niliyokuwa nimeisahau. Nilipotoka na jagi langu, Risper alikuwa amesimama koridoni.

"Nimesikia," alisema. "Hata wodi ya pili wamesikia."

Niliandika: mililita mia mbili themanini. Nguvu.

Nisimdanganye mtu kwamba iliishia hapo. Kwa wiki kadhaa nilivuja nikikohoa, nikavaa kitambaa. Damu ilirudi siku nilipobeba pampu kabla ya wakati, na daktari akanigombeza kwa haki. Na kuna jambo la chumbani: raha ipo, lakini mbegu hazitoki kama zamani. Nililiuliza kabla ya upasuaji, mke wangu akiwa ameketi kando yangu. Na wewe uliza hivyo, naye awepo.

Mvua fupi zilipoanza, mwezi wa kumi, nilikuwa nimerudi karakana. Hapo ndipo Omondi alipokuja. Hakukaa.

"Mama anafanya maombi ya shukrani mwezi wa kumi na mbili," alisema. "Ameniambia nikuulize kama bwana mkubwa wa Milimani atapata nafasi."

Nilikuwa na spana mkononi. Nikaiweka chini. Nilijua nikisema "nitajitahidi", ataondoka, na mlango ule utafungwa. Nikamwambia yote. Choo nyuma ya jiko, miaka mitatu, vidonge, saa tano chini ya hema. Nikamwonyesha karatasi za hospitali.

Alisoma, akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Yawa," alisema, yaani jamani. "Ile soda."

"Ile soda."

"Mimi nilikutangaza kila mahali! Nilisema huyu mtu anatuona takataka." Akashika kichwa. "Umeharibu jina lako miaka mitatu kwa sababu ya mkojo?"

"Kwa sababu ya kunyamaza. Mkojo wenyewe una dawa."

Akacheka, kisha akaacha ghafla.

"Mwambie mama," nikasema. "Mimi siwezi kumtamkia jambo hili. Wewe ni mwanawe. Mwambie sikuwadharau hata siku moja. Nilikuwa mgonjwa."

"Nimwambie vipi, mzee?"

"Kama ulivyoisoma hapo."

Aliondoka. Wiki zikapita, na Seme kukawa kimya. Risper alipiga simu kwao, wakaongea mvua, mahindi, ng'ombe aliyezaa. Mama yake hakugusa habari yangu. Nilianza kufikiri kwamba nimevunja heshima kwa kumfikishia mama mkwe habari za uchi wangu, hata kwa mdomo wa mwanawe. Risper naye alianza kufikiri hivyo, ingawa hakusema. Nilimwona akifumua mshono uliokuwa umenyooka.

Tulifika siku ya maombi saa nne asubuhi, wa kwanza kabisa. Nilikuwa nimevaa suruali ya kijivu nyepesi. Kutoka langoni niliona kitu ambacho hakikuwepo: kibanda kipya cha mabati, upande wa kushoto wa lango, mbali na jiko, mbali na nyumba kubwa, mlango wake ukitazama barabarani. Kando yake kulikuwa na dumu la maji na sabuni.

Mama mkwe wangu alikuwa barazani. Tulisalimiana kwa umbali wetu wa kawaida, yeye akitazama njia ya langoni, mimi nikitazama viatu vyangu.

"Ora," aliniita, ndivyo tunavyomwita mkwe, "hicho ni cha wakwe wanaotoka mbali. Hakitazami kwangu. Mimi sitakikanyaga."

"Asante, mama," nikasema.

Nilikaa mbele, kiti ambacho kwa miaka mitatu nilikikwepa. Chai ilipopita nilichukua kikombe. Ilipopita tena nilichukua cha pili, na Risper, aliyekuwa ng'ambo ya hema na akina mama, aliniona nikichukua. Maombi yalikwenda kwa muda wa saa nne. Niliimba. Niliombwa niseme machache kwa niaba ya wakwe, nikasema mengi.

Kisha nikahisi haja. Haikuwa ile ya kunishika koo. Ningeweza kusubiri mpaka Kisumu na nisisumbuke. Lakini mtu alinijengea. Nikasimama mbele ya watu wote, nikafunga kifungo cha koti, nikatembea polepole hadi kibandani, sikuwa na simu sikioni.

Nadhani nilisikika.

"Yawa!" Omondi alipaza sauti kutoka kwenye hema. "Nani amefungua bomba?"

Nilipofungua mlango, nje alikuwa amesimama Wafula, mwuza mikate kutoka Bungoma aliyemwoa mdogo wa Risper, ambaye naye hufika mwisho na kuondoka kwanza. Alikuwa akilegeza mkanda na kutazama mawingu. Nyuma yake alikuwa mzee Odhiambo, mume wa dada yao mkubwa, mtu wa miaka zaidi ya sitini, ambaye tangu nimjue hutoka katikati ya kila shughuli kwenda kupokea simu kwenye shamba la mihogo.

"Mzee," nikamuuliza, "na simu?"

"Imeisha chaji," akasema. "Toka mlangoni, kijana."

Nikatoka. Nilimwambia Wafula habari za lile benchi, kwamba kliniki ni Jumanne, na kwamba nitampeleka mwenyewe. Mzee Odhiambo hakugusa habari za ugonjwa, lakini aliuliza benchi liko upande gani wa jengo.

Kule barazani mama mkwe wangu alikuwa ametugeuzia mgongo kabisa, kama inavyompasa. Alipiga makofi mara mbili kuelekea jikoni.

"Nyinyi!" alisema, kwa sauti iliyofika langoni. "Wakwe wangu waongezewe chai."